Kibanda cha taa kwenye maonesho: anza na giza

Swali: Natengeneza taa za mapambo hapa Ilemela, Mwanza, nyingine za vibuyu vilivyotobolewa, nyingine za gugumaji na mafunjo. Mwaka jana nilipanga nafasi ya mita 3 kwa 3 kwenye maonesho ya Nane Nane Nyamhongolo. Nilikodi hema jeupe, nikatundika taa 40 na zote nikaziwasha. Mchana watu walipita kama hawazioni. Jioni wadudu walijaa mpaka tukazima. Mwaka huu nimeomba nafasi ileile. Nizipange vipi? Nipunguze au niongeze? Na je, ninunue jenereta?

Jibu: Dada, taa zako hazikuwa na kosa. Uliziweka mahali ambapo hata taa nzuri kuliko zote isingeonekana. Hema jeupe wakati wa mchana lenyewe ni taa kubwa, na hizo 40 zako zilikuwa zinashindana na paa.

Hesabu yake ni hii. Nje juani mchana mwanga hufika kama laksi 100,000, na laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Chini ya turubai jeupe unabaki na maelfu kadhaa. Sasa chukua balbu ya LED ya wati 7 inayotoa lumeni 600 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu), iwashe ikiwa tupu, simama mita 1 kutoka kwake: unapata laksi 50 hivi. Ukiivalisha kofia ya mafunjo zinabaki chini ya nusu. Huwezi kuchukua laksi 20 ukashindana na 3,000. Kuongeza taa kutoka 40 hadi 80 kusingesaidia kitu, kungeongeza waya tu.

Mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wengi hubaki nchi kavu, kwa sababu taa ileile iliyovuta samaki juzi haivuti tena mwezi ukiwa angani. Wewe uliwasha karabai zako wakati wa mwezi mpevu. Kwa hiyo kabla hujachagua taa hata moja, tengeneza giza. Hilo ndilo utakalolipia kwanza, na ndilo watu wengi hulisahau kwa kuwa halionekani kwenye picha za vibanda vya wenzetu, ambao huonesha ndani ya kumbi zisizo na dirisha.

Anza na upande wa kuelekea. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba kibanda kinachofungukia kusini. Mwanza iko kusini kidogo ya ikweta, nyuzi 2 na nusu, na mwezi wa nane jua linapita upande wa kaskazini siku nzima. Kibanda kinachotazama kusini hakipigwi na jua la moja kwa moja asubuhi, mchana wala jioni. Kinachotazama mashariki kitateseka asubuhi tu, wakati watu bado wachache. Kinachotazama magharibi kikatae kama unaweza: jua la alasiri linaingia likiwa chini, linafika hadi ukuta wa nyuma, na hizo ndizo saa zenye watu wengi. Kumbuka pia kwamba saa za Mwanza hazifuati jua barabara. Jua linafika juu kabisa saa 7 kasoro dakika chache, na mwezi wa nane linazama karibu saa 1 jioni. Ukipanga kwamba saa 12 kutakuwa giza, utakuwa umekosea kwa zaidi ya saa nzima.

Fremu ijenge mita 2.9 kwa 2.9 ili usigombane na jirani kuhusu mpaka, na kimo cha mita 2.6. Nguzo 6: nne za kona na mbili za katikati ya kuta za pembeni. Mirunda inafaa na ni rahisi, lakini paipu ya mraba ya inchi 1 na nusu ni bora kwa sababu unaifungua, unaipakia kwenye guta, na mwakani unaitumia tena. Juu pitisha mbao tatu za 2 kwa 4 zikiwa zimesimama kwa ubavu, siyo zimelala. Ubao uleule ukilala unapinda, ukisimama unabeba. Hizo tatu ndizo zitakazobeba taa.

Juu ya paa weka turubai zito la rangi ya fedha, upande unaong'aa ukitazama juu ili urudishe joto. Chini yake, ndani, tandaza kaniki, na kuta tatu uzifunike kwa kaniki pia, mikunjo miwili. Turubai la bluu peke yake halitoshi. Linapitisha mwanga, na mbaya zaidi linaupaka bluu, na gugumaji chini ya mwanga wa bluu linaonekana kama jivu. Ukimaliza kufunika, ingia ndani saa 7 mchana ukaangalie juu. Ukiona matundu madogo yanang'aa kama nyota, ongeza kitambaa.

Halafu kuna mlango. Ukiacha mbele wazi mita 3 zote, giza lote linatoka nje. Funga mita 1 upande mmoja, ubaki na mwanya wa mita 2. Kisha rudi ndani mita 1 kutoka mbele, ukaninginize pazia fupi kutoka darini likishuka mpaka mita 2 kutoka ardhini. Mtu anapita chini yake bila kuinama, lakini mwanga wa anga unakatwa. Sasa una vyumba viwili katika kimoja: baraza la mita 1 lenye mwanga wa mchana, na nyuma yake chumba cha karibu mita 2 chenye giza. Pakua kwenye simu programu yoyote ya bure ya kupimia mwanga, ilaze simu juu ya stuli katikati ya chumba cha nyuma wakati taa zimezimwa, kioo kikitazama juu. Ukisoma chini ya laksi 100, umefaulu. Ukisoma 400, tafuta mwanga unapoingilia.

Joto litakuwa tatizo. Sanduku jeusi juani linachemka, na mgeni aliyeanza kutoka jasho hanunui. Acha mwanya wa sentimita 30 juu ya ukuta wa nyuma, chini ya paa, kisha ninginiza kipande cha kaniki ndani, sentimita 20 mbele ya mwanya huo, kishuke nusu mita. Hewa inapita kwa kuzunguka, mwanga unakwama.

Sasa upepo. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kuta za kitambaa ni tanga. Ukuta wa mita 3 kwa 2.5 ukipigwa na upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukumwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 45 hadi 55. Ardhi ya Mwanza ni mawe, kigingi kinaingia sentimita 10 kinagonga jabali, kwa hiyo usitegemee kamba na vigingi. Tumia madumu ya lita 20 yaliyojaa maji, mawili kwa kila nguzo ya kona, yamefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya manila. Hayo ni madumu 8, kilo 160. Yafiche kwa kaniki iliyobaki. Ukiyajaza mchanga badala ya maji ni mazito zaidi, ila kuyabeba siku ya kuondoka utajuta.

Idadi ya taa: punguza. Chumba cha giza cha mita 2 kwa 3 kinabeba taa 10 kwa wingi, ukiongeza 1 ya mbele na 1 ya kusimama mezani hazizidi 12. Zinazobaki zikae kwenye maboksi nyuma ya pazia, tayari kuuzwa. Taa 40 zikiwaka pamoja zinauana: kila moja inaangaza kofia ya mwenzake, vivuli vinafutika, na jicho halijui litue wapi.

Zipange kwa makundi, siyo kwa mistari kama dukani. Kundi la kwanza ni taa moja tu, kubwa kuliko zote, kofia ya gugumaji ya sentimita 50 au zaidi, mbele tu ya pazia fupi, katikati ya mwanya. Hii ndiyo inayomwita mtu aliye njiani. Mtu huyo macho yake yamezoea jua, kwa hiyo mchana mpe balbu ya wati 12 au 15 yenye lumeni 1,200 na kuendelea. Jua likizama badilisha uweke ya wati 7, la sivyo itawaumiza macho walioingia ndani. Balbu mbili kwa taa moja. Ni jambo dogo na wengi hawalifanyi. Kwa kuwa iko njiani, sehemu yake ya chini isiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. Kofia ya kimo kirefu haitatosha hapo, kwa hiyo chagua iliyo pana na fupi.

Kundi la pili ni meza. Weka meza ndogo halisi, na sahani, kikombe na kitambaa, kisha taa tatu za mafunjo juu yake, chini zake zikiwa sentimita 75 hadi 85 kutoka usawa wa meza. Mteja anayejenga Buswelu au Kisesa hajui taa yako itakaaje kwake mpaka aione juu ya meza. Taa za juu ya meza zinaruhusiwa kushuka chini ya kichwa, kwa sababu meza inamzuia mtu asipite hapo.

Kundi la tatu ni vibuyu, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye uzuri wako na ndipo wengi wanapouharibu.

Kibuyu kilichotobolewa hakiuzwi kwa jinsi kinavyong'aa. Kinauzwa kwa kile kinachochora ukutani. Na mchoro ule unategemea ukubwa wa kitu kinachowaka ndani. Balbu ya kawaida iliyopakwa weupe kama maziwa ina kipenyo cha sentimita 6, na yote inawaka. Tuseme tundu la kibuyu liko sentimita 10 kutoka balbu, na ukuta uko sentimita 80 kutoka kwenye tundu. Ukungu wa kila doa ukutani unakuwa 6 mara 80 gawanya kwa 10, yaani sentimita 48. Matundu yako yamepishana sentimita 1, na ukutani madoa yao yanapishana sentimita 9 tu. Madoa ya sentimita 48 yaliyopishana sentimita 9 ni ukungu mtupu. Hakuna mchoro. Mteja anaona ukuta wenye rangi ya chai ya maziwa.

Sasa weka balbu ndogo ambayo sehemu inayowaka ni sentimita 1. Doa linakuwa sentimita 8, na lile la jirani yake liko sentimita 9 pembeni. Mchoro umetokea. Kwa hiyo kwenye vibuyu weka balbu ndogo kabisa ya LED, isiyopakwa weupe, yenye kitone kimoja cha mwanga. Zile balbu za kioo zenye nyuzi nne ndefu ndani, zinazopendwa kwenye mahoteli, zinafaa kwenye mafunjo lakini siyo hapa: kila uzi unachora mchoro wake na minne inagongana. Ukitaka doa kali zaidi, usihangaike na ukubwa wa tundu kwanza, chagua kibuyu kikubwa ili tundu liwe mbali na balbu, au sogeza kibuyu karibu na ukuta. Ukikitundika sentimita 40 kutoka ukutani badala ya 80, kila doa linapungua nusu, na mchoro wote pia unapungua. Jaribu nyumbani usiku kwa kukisogeza kwa mkono mpaka upendezwe, kisha pima kwa futi na uandike.

Hapo pia kaniki inabidi ikupishe. Mchoro hauonekani juu ya kitu cheusi. Nyuma ya vibuyu weka ubao mmoja wa plaiwudi, mita 1.2 kwa 2.4, uliopakwa rangi ya mchanga isiyong'aa. Usitumie rangi ya mafuta inayong'aa, maana utaona balbu imejirudia ukutani kama kwenye kioo. Vibuyu vitatu vinatosha mbele ya ubao huo, vikipishana vimo, na visikaribiane kiasi cha michoro kuingiliana. Ukuta uliobaki wa kaniki ubaki mweusi, ndio unaofanya ubao uonekane umewaka.

Jambo jingine la kibuyu ni joto. LED haichomi kama balbu za zamani za wati 60, lakini kitako chake kina vifaa vinavyokufa kwa joto, na ndani ya kibuyu kilichofungwa joto halina pa kwenda. Usizidishe wati 5, na toboa matundu manne ya sentimita 1 kuzunguka shingo, juu ya holda, joto lipande litoke. Balbu inayokufa baada ya miezi miwili mezani kwa mteja, yeye hatasema balbu mbovu, atasema taa mbovu.

Rangi ya mwanga. Madukani kwetu balbu nyingi ni nyeupe, zimeandikwa 6500K. Wewe tafuta zilizoandikwa 2700K, za manjano, na zote zitoke kwenye katoni moja, kwa sababu hata 2700K za kiwanda hiki na kile hazifanani zikikaa jirani. Gugumaji na kibuyu ni rangi za asali na kahawia; mwanga mweupe unazifanya zionekane zimekufa. Kwenye boksi angalia pia herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonesha rangi za vitu kwa uhalisi: 90 ni nzuri, 80 inavumilika, isiyoandikwa iache.

Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka aiwashe, fungua kamera ya simu, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, irudishe. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu isiyochujwa vizuri ndani inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Watu watakaoingia kwenye kibanda chako watapiga video wawatumie ndugu zao, na video yenye mistari inayopepesuka haimshawishi mtu. Mistari hiyohiyo hutokea ukifunga dima (swichi ya kupunguza mwanga) kwenye balbu isiyoandikwa kwamba inakubali dima, na hapo huja na mlio wa nyuki.

Hiyo rangi ya manjano inakusaidia pia kwa wadudu wa ziwani. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye bluu na miale isiyoonekana inayoandamana nao, kwa hiyo balbu nyeupe huwaita kwa sauti, ya manjano huwaita kwa kunong'ona. Hawataisha, lakini watapungua, hasa kama jirani yako ana taa nyeupe. (Usimwambie azime.) Wadudu wa ziwani hutoka kwa makundi, na wale wanaopanda kama moshi juu ya maji hufuata sana mwezi mwandamo, kwa hiyo angalia kalenda. Maonesho yakiangukia siku za mwezi mchanga, kofia zote zilizo wazi upande wa juu kama bakuli ziache nyumbani. Zinakusanya mizoga, na asubuhi kila kofia ina kivuli cheusi chini ambacho mteja atadhani ni uchafu wa ufumaji. Tumia zilizo wazi chini, wadudu wadondoke sakafuni. Asubuhi safisha kwa brashi kavu ya rangi. Kitambaa chenye maji kinawaponda, na doa lao haliondoki kirahisi kwenye mafunjo.

Umeme wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhani. Taa 12 pamoja na chaja ni kama wati 100. Plagi moja ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000. Hatari haiko kwenye mzigo, iko kwenye maungio. Kuanzia soketi ya uwanjani mpaka darini kwako tumia kebo ya nyaya tatu ya milimita 1.5 za mraba. Kushuka kwenye kila taa, 0.75 inatosha. Mwanzoni kabisa weka sakiti breka ya aina inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, na uibonyeze kila asubuhi. Kwenye ardhi ya mawe waya wa ardhini mara nyingi haushiki vizuri, kwa hiyo kifaa hiki ndicho kitakachomwokoa mtoto aliyeshika nguzo ya chuma wakati waya umechubuka. Nguzo za chuma zenyewe ziunganishe na ule waya wa kijani na njano. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Siyo ya kijana anayejua kuunga redio.

Maungio yote yawe na konekta ndani ya boksi, siyo nyaya zilizosokotwa na kufungwa tepu. Tepu inaachia kwenye joto. Kwenye holda za skrubu, waya wenye moto uende kwenye pini ya katikati, na ule mwingine kwenye ganda, kwa sababu mteja anayebadilisha balbu anaweza kugusa ganda. Hilo likague kwa testa kwenye kila taa, hata ulizoziuza mwaka jana ukipata nafasi. Na taa isininginie kwa waya wa umeme. Kibuyu cha kilo 2 kivute kwa mnyororo mwembamba au waya wa chuma, waya wa umeme ubaki umelegea pembeni yake. Jaribio rahisi: ninginiza mara tano ya uzito wa taa, yaani kilo 10 za mchanga kwa kibuyu cha kilo 2, kwenye ndoano ileile kwa siku nzima.

Mafunjo makavu na kaniki ni kuni. Balbu ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye kitambaa cha ukuta, usiweke mshumaa hata mmoja kwa ajili ya urembo, na weka kizimamoto cha unga mkavu cha kilo 2 mlangoni, siyo nyuma ambako moto ukianza hutaweza kupafikia.

Gawa swichi tatu: ya taa ya mbele, ya vibuyu, ya meza. Swichi ya vibuyu iweke ukutani mita 1.1 kutoka chini na uandike "Washa". Mtu akiwasha mwenyewe na ukuta ukajaa madoa, kazi yako ya kuongea imepungua nusu.

Lile baraza la mbele lisiwe tupu. Hapo kuna mwanga wa jua, na mwanga wa jua ndio unaoonesha ufumaji. Weka kofia tatu zisizowashwa na kibuyu kimoja kilichokatwa katikati, watu washike, wanuse, waone unene wa ganda. Meza usiikingamishe mlangoni. Meza iliyokingama inamwambia mtu asimame nje kama yuko dirishani kwa mpokea fedha. Iegemeze ukutani.

Kila taa iwe na kadi yenye namba, bei, na neno linalosema kama bei ina balbu au haina. Andika pia aina ya holda. Nyumba nyingi za hapa zina holda za pini mbili za kusukuma na kuzungusha, wakati taa zako huenda ni za skrubu, na mteja atadhani balbu aliyonayo nyumbani itaingia. Lipa namba ibandike mahali penye mwanga. Kwenye giza lako hakuna atakayeisoma.

Wiki mbili kabla, chora mraba wa mita 2.9 kwa chaki au majivu uani kwako, jenga kila kitu, na ukae humo mara mbili: saa 8 mchana na saa 2 usiku. Mchana utagundua mwanga unapoingia, usiku utagundua balbu zinazopiga macho. Kaa kwenye stuli, halafu simama. Ukiona balbu yenyewe badala ya kofia, ishushe kofia au ipandishe balbu. Piga picha ya kila ungio kabla ya kubomoa.

Jenereta usinunue. Kwa mzigo wa wati 100 ni kuua mbu kwa rungu, na zile ndogo za bei nafuu hupandisha na kushusha volti kiasi cha kufanya LED zicheze, mbali na kelele na moshi kwenye kibanda kisicho na dirisha. Umeme ukikatika unahitaji saa 4 za jioni tu, yaani wati 100 mara 4, ukiongeza kinachopotea njiani ni kama watisaa 460. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina watisaa 1,200, na ukitumia nusu yake tu ili isife mapema unabaki na 600. Inatosha. Kodi au nunua na inveta ya mawimbi laini. Zile za mawimbi ya ngazi zinafanya baadhi ya balbu kulia. Betri ya maji iweke nje, nyuma ya ukuta wa kaniki, kwenye kreti lililofunikwa juu lakini wazi pembeni, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi, na waya wake uwe na fyuzi yake karibu kabisa na ncha ya chanya.